Kontena Anajifunza Kula

Kijiwe chetu ni benchi refu la mbao lililoegemezwa ukutani, kati ya kibanda changu cha viatu na duka la mikate. Asubuhi linapigwa jua, mchana linapigwa harufu ya mikate, na jioni, kazi zikipungua, linatupokea sisi. Mimi niko hapo kwa sababu ndiko kazini kwangu: sindano mkononi, kiatu cha mtu mapajani, masikio kwenye mazungumzo. Spika anatengeneza redio na simu ng'ambo ya barabara, na sauti yake haijawahi kupata kitufe cha kupunguza. Gazeti analinda magari ya watu wa maofisini na kusoma magazeti wanayomwachia, hata yakiwa ya mwaka juzi. Mama Kahawa anakuja na chupa zake na ndoo ya vikombe, na ndiye peke yake anayeweza kumwambia mmoja wetu nyamaza, akanyamaza. Wa mwisho ni Kontena, mwoka mikate, na habari hii ni yake. Amenipa ruhusa niisimulie, ila ameniomba nisiongeze chumvi, maana siku hizi hata chumvi anaila kwa kipimo.

Jina la Kontena tulimpa zamani na hakulikataa. Alikuwa mtu mkubwa kweli kweli. Akikaa, upande wake wa benchi ulikuwa unalalama, na sisi wengine tunateleza taratibu kumfuata. Mkate uliovunjika au kuungua pembeni hakuuza. Alitoka nao kwapani jioni, sisi tunamega kipande kipande, yeye anamaliza uliobaki huku anaongea, bila hata kuutazama. Tulizoea hivyo. Hatukujua kama alikuwa anakula au mikono yake ilikuwa inafanya kazi tu.

Mimi nilianza kuona mambo kabla ya wenzangu, kwa sababu ya viatu vyake. Kwanza soli zake ziliisha upande mmoja, kwa jinsi alivyokuwa anaukwepa mguu wenye goti bovu. Halafu siku moja alisubiri wenzetu waondoke, akaniomba nitoe kamba za viatu vyake nishone mpira badala yake. Alisema kamba zinamchosha. Nilishona, nikaelewa kwamba hafikii tena miguu yake mwenyewe.

Baadaye ikaja sukari, ikaja presha, na ikaja siku aliyosinzia wima mbele ya tanuri, mkono ukalalia mlango wa moto. Alama anayo mpaka leo. Hospitali walimwambia kwamba usiku pumzi yake inakatika katika, kwa hiyo halali hata akilala. Kupunguza mwili alikuwa amejaribu mara nyingi. Ulipungua ukarudi, na ukirudi unakuja na jamaa zake. Mwishowe daktari akamshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula.

Alituambia hapa hapa benchini, jioni, akiangalia kikombe chake.

— Wanaukata, wanaacha kipande kidogo kama ndizi moja. Nimeshakubali.

Mkewe alikuwa hajalala kwa siku kadhaa kwa mawazo, lakini kijiwe hakikukosa usingizi. Kijiwe kilipata mada. Gazeti alisema amesoma mahali kwamba tumbo ni kama puto, likikatwa linajinyoosha lenyewe mpaka linarudi lilivyokuwa, na ndiyo maana madaktari hawasemi. Spika akasema hapana, tumbo ni kama redio: hawakati kitu, wanapunguza sauti tu, na kuna mtu hospitalini anajua kitufe kiko wapi. Gazeti akajibu kwamba hata hivyo chakula kikikosa nafasi kitatafuta vyumba vingine, na mtu anaweza kula mkate ukaenda kukaa gotini. Spika alipofika kwenye habari ya watu wembamba wa nchi za mbali wanaonunua vile vipande vilivyokatwa ili nao wanenepe, Mama Kahawa alimuuliza kama amewahi kuliona hata tumbo lake mwenyewe.

Kontena alicheka mpaka akakohoa. Lakini alipoinuka kwenda nyumbani alinishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anaogopa. Nikamwambia nami namwogopea.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku za kwanza alikuwa anakunywa maji kwa kulamba lamba, kisha supu iliyochujwa, kisha vyakula vilivyosagwa mpaka havijulikani vilikuwa nini. Alipopata nguvu za kutembea alirudi benchini. Kahawa ilikuwa bado haijaruhusiwa, basi Mama Kahawa akawa anammiminia maji ya uvuguvugu kwenye kikombe kama vya wengine, asikae mikono mitupu. Hakumwambia mtu kwamba ni maji. Sisi tulijua kwa kuwa hayakuwa na mvuke.

Kazini ndiko kulikokuwa na mtihani. Alituambia kwamba njaa imeondoka kabisa, kama mpangaji aliyehama bila kuaga, lakini mkono haujapata taarifa. Mkate ukivunjika, mkono unakwenda wenyewe. Kwa hiyo kila uliovunjika akawa anamkabidhi Mama Kahawa papo hapo, kabla haujapoa.

Kisha mama yake Kontena akaja kumuuguza. Bi mkubwa huyu alikuwa amelea watoto wengi kwa sufuria moja, na kwake yeye mgonjwa anayemaliza sahani amepona, na asiyemaliza bado. Mkewe Kontena alijaribu kumweleza kuhusu vijiko vidogo na muda mrefu. Bi mkubwa alisikiliza kwa heshima, kisha akapika kama alivyopika maisha yake yote. Mwanawe alipokula vijiko vichache akaweka chini, yule mama alifunika sahani, akaenda kukaa uani. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu Kontena alimwona anajifuta macho kwa upindo wa nguo.

Jioni hiyo alikula ili kumfurahisha mama yake. Ilikuwa nyama na viazi, na alikula kama zamani, tonge juu ya tonge. Alisema mwanzoni hakusikia kitu. Halafu kifua kikabana kama mtu amemkalia, mate yakamjaa mdomoni mazito kama povu la sabuni, jasho likamtoka, na kile chakula hakitaki kushuka wala kupanda. Alidhani mshono umeachia. Mkewe alimkimbiza hospitali, bi mkubwa nyuma yao anatembea peku kwa haraka.

Mshono haukuwa umeachia. Nesi alimweleza kwamba amekula upesi na hakutafuna, nyama ikakwama njiani, na kwamba watu wengi hupitia hapo. Alirudishwa nyumbani usiku huo huo. Ila tangu siku ile kitu kingine ndicho kilichokwama.

Akaacha kula. Hakutangaza. Aliwaambia wa nyumbani kwamba amekula kazini, na sisi wa kijiweni akatuambia amekula nyumbani. Alikuwa ameshafika hatua ya kuruhusiwa yai, samaki, viazi vya kupondwa, lakini hakuvuka supu ya maji. Alizidi kupungua, na sisi, kwa ujinga wetu, tukawa tunampongeza. Spika alisema daktari yule apewe medali. Gazeti alitaka kumpiga picha ya kabla na baada. Kontena alikuwa anatabasamu tu, na nywele zake zilikuwa zinabaki kwenye kofia akiivua.

Halafu akakosekana benchini. Siku moja, mbili, nyingi. Mkewe alinijia kibandani na kiatu, akasema kimechanika. Nilikigeuza huku na huku, kilikuwa kizima.

— Shemeji, hiki hakina ubovu.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja na kunieleza yote. Siku aliyoanza kukosekana, mumewe alikuwa ameinua sinia ya mikate, akaishusha, akakaa juu ya gunia la unga, na hakuweza kuinuka mpaka wakamsaidia. Hospitali walimwongezea maji na kumwambia wazi kwamba tatizo si tumbo tena. Mwili haupati chakula. Dada wa lishe alikaa naye, akamwelekeza upya, yeye akaitikia kila kitu kama mwanafunzi mzuri. Nyumbani anashika kijiko, anakitazama, anakirudisha.

— Anaogopa kumeza, alisema. Mtu aliyekuwa anakula anaongea, anakula anatembea. Sasa anaogopa yai.

Nilimwomba ruhusa niwaambie wenzangu, akakubali. Jioni niliwaambia. Nilitegemea nadharia mpya, na Gazeti kweli alifungua mdomo, lakini Spika alimshika goti. Spika huyu huyu. Aliongea kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

— Mnakumbuka nilipogongwa na pikipiki? Nilipotoka hospitali niliogopa kuvuka barabara hii. Duka langu liko pale, naliona, siwezi kulifikia. Kontena alikuwa anatoka na unga mikononi, ananishika, tunavuka wote. Kila asubuhi. Hakunicheka, na hakuniambia niache uoga.

Akasema kwamba basi na sisi twende tukale naye.

Tulimwambia mkewe Kontena, akapeleka maneno hayo kwa dada wa lishe, ambaye alisema ni vizuri, ila akatoa masharti: yai laini, kijiko cha chai, tonge litafunwe mpaka liwe uji, kijiko kiwekwe chini kila mara, na mtu yeyote asimhesabie matonge. Mchana wa siku ya pili tukaingia nyuma ya duka la mikate, penye magunia ya unga. Kila mtu alikuwa na sahani yake, yai lake na kijiko chake. Kontena alipotuona tumejipanga juu ya magunia kama watoto wa darasa la awali alitaka kutoka. Mama Kahawa akamwonyesha nafasi yake.

— Kaa, baba. Hatujaja kukutazama. Tumekuja kula.

Tukaanza. Sijawahi kufanya jambo gumu kama kula yai polepole. Unatia kidogo mdomoni, unatafuna, hakuna cha kutafuna, bado unatafuna. Unaweka kijiko chini, mkono unabaki hauna kazi. Gazeti alisahau, akamaliza yai lake kwa matonge mawili, na Mama Kahawa akamwekea jingine, aanze upya. Gazeti alilitazama lile yai kwa huzuni kubwa kiasi kwamba Kontena alicheka. Ndipo, katikati ya kile kicheko, akatia kijiko mdomoni.

Hakuna aliyemwangalia. Mimi niliangalia sakafu. Alitafuna muda mrefu. Akafumba macho, akameza, akashika ukingo wa meza ya kukandia unga. Tukasubiri pamoja naye. Nje mteja alikuwa anaita, hakuna aliyemwitikia.

— Limeshuka, alisema.

Akachota tena. Alikula nusu ya lile yai, na ilichukua muda ambao zamani angemaliza mkate mzima na nusu ya mwingine. Alipofika hapo aliweka kijiko chini, akasema inatosha, machozi yakaanza kumtoka. Hakuyaficha. Spika alijifanya ana unga jichoni.

Bi mkubwa alikuwa amefuatana na mkewe Kontena, na wakati wote huo alikuwa amesimama mlangoni. Kwa kweli tulikuwa tumemsahau. Alikuja akaketi karibu na mwanawe, akaitazama ile nusu ya yai iliyobaki kwenye sahani. Mkewe Kontena aliniambia baadaye kwamba pale aliogopa, akidhani mama mkwe atasema mbona amebakiza. Yule mama akachukua kijiko, akakifuta kwa kidole chake.

— Nilikulisha ukiwa huna jino hata moja, alisema. Nilikuwa natia kidogo, nangoja umeze, ndipo natia tena. Ukigeuza kichwa, najua basi. Hakuna aliyenifundisha. Sasa sijui nilikuwa naharakia nini, mwanangu. Nisamehe.

Kontena alimlazia kichwa begani, mtu mzima vile, na sisi tukaona ni wakati wa kurudi kazini.

Tuliendelea hivyo kila mchana, wakati mwingine wote, wakati mwingine mmoja wetu tu. Yai likawa samaki, samaki akawa maharage yaliyopondwa. Kuna siku chakula kilikataa tena, akatoka nje kutema povu, akarudi amekunja uso, lakini alirudi. Bi mkubwa alitafuta sahani ndogo kuliko zote nyumbani, akawa anapakua humo, na yeye mwenyewe anakula kwenye ya namna hiyo hiyo. Alipoondoka kwenda kwake alikuwa amepungua mwili na anadai tumemroga.

Siku hizi Kontena anatembea kutoka kwake mpaka kazini. Dawa za presha zimepunguzwa, usiku analala na mkewe analala. Si kwamba kila kitu ni sukari na asali. Ngozi imelegea tumboni na mikononi, na haipendi. Mkate anaoka siku nzima, anakula kipande kidogo cha kuokwa mpaka kikauke, na si kila siku. Akialikwa sherehe, watu wanamshangaa, wanadhani ana maringo au ana ugonjwa asioutaja. Lakini ukimuuliza habari anakujibu kwa neno moja, nashukuru, na anamaanisha. Anasema zamani alikuwa anaoka mkate bila kujua una ladha gani. Sasa akitia kile kipande chake kidogo mdomoni anajua chumvi yake, moto wake, na kama chachu iliharakishwa.

Juzi Gazeti alileta hoja kwamba jina la Kontena limeisha muda wake, na kwa haki jamaa aitwe Kifurushi. Spika alipinga. Alisema kontena ni kontena hata likishushwa mzigo, na kama ni jina jipya basi aitwe Bahasha. Wakaanza kubishana ni mzigo wa aina gani unaoweza kuingia kwenye bahasha, mpaka Gazeti akafika kwenye meli. Kontena mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu anakunywa kahawa yake, iliyoruhusiwa sasa, ikiwa na mvuke, kwa mafunda ya kuku.

— Niiteni mnavyotaka, alisema. Mimi nilipokuwa siwezi kumeza, ninyi mlikaa kwenye magunia mkatafuna yai ambalo halikuhitaji kutafunwa. Kila nikishika kijiko nawakumbuka. Wengine wanakula na familia zao. Mimi hata nikila peke yangu, mmenizunguka.

Sisi kubishana tunajua, kushukuriwa hatujui. Gazeti akasafisha koo. Spika akaanza kukagua kucha zake.

Alikuwepo mteja wangu siku hiyo, dereva wa lori ambaye hatukuwahi kumwona. Alikuwa ameleta ndala iliyokatika mkanda, anangoja nimalizie, na amekaa kwenye ncha ya benchi kwa tahadhari, mguu mmoja ukibeba uzito, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu cha watu. Alikuwa na mwili mkubwa, na shingo ya shati lake ilikuwa wazi kwa sababu haikuweza kufungwa. Tangu mwanzo alikuwa anasikiliza bila kuingilia. Sasa aliinama mbele kidogo, akaomba radhi, akasema ana swali dogo.

— Mtu anajuaje kwamba ameshiba?

Spika alijibu mara moja kwamba hilo ni rahisi, mkanda unabana. Mama Kahawa akamwambia mkanda unabana kwa sababu mtu ameshapitiliza. Gazeti akasema mtu anashiba sahani ikiisha. Dereva akauliza, kwa adabu kabisa, na kama sahani ni kubwa? Gazeti akaanza kukunjua gazeti lake, kama jibu limo humo. Mimi nilidhani nina jibu. Nilisimamisha sindano nikalitafuta, na nikagundua kwamba miaka yote nimekuwa nikiacha kula kwa sababu chakula kimekwisha, au kuna mteja, au mke wangu ameondoa vyombo.

Tukamgeukia Kontena. Kama kuna mtu anajua, ni yeye.

Kontena aliweka kikombe chini. Kisha akatikisa kichwa.

— Sijui, ndugu yangu, alisema. Kuna siku nadhani nimejua, kesho yake nakosea. Bado najifunza.

Yule dereva alishusha pumzi ndefu, na mguu aliokuwa ameukazia ukalegea, akakaa benchini sawasawa. Alisema wiki ijayo anaingia hospitali kwa upasuaji huo huo, hajamwambia mtu kazini, na muda wote amekuwa na aibu.

— Nilidhani ni mimi tu nisiyejua.

Kontena alimsogelea. Mama Kahawa aliinua chupa kummiminia, akaitikisa, ikawa tupu. Akainua ya pili, nayo hivyo hivyo. Ilikuwa saa ya kufunga na kila mtu alikuwa na kwake pa kwenda, lakini hakuna aliyeinuka. Ndala yake ilikuwa tayari mkononi mwangu. Sikumpa, na hakuiulizia.